Meli Haigeuki Mwamba kwa Kuzama Tu

Hotuba kwa vikundi vya wavuvi, waongoza wazamiaji na wanafunzi wa sayansi ya bahari, Mombasa

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu wa pwani, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), waongoza watalii, wanafunzi, na nyinyi akina mama wa soko la samaki mliofunga meza mapema ili mfike hapa: asalamu aleikumu, na hamjambo.

Nimeitwa nizungumzie suala moja. Kuna meli ya uvuvi iliyochakaa, na kuna pendekezo izamishwe nje ya mwamba ili samaki wapate makao na wageni wapate pa kuzamia. Tangu nifike nimesikia maneno ya kila namna. Wapo wanaosema meli ikishafika chini kazi imekwisha, bahari itajimalizia. Wapo wanaosema huo ni ujanja wa tajiri kutupa taka zake kwenye shamba la wenzake na kupigiwa makofi juu yake. Mimi niseme mapema nimesimama wapi, msije mkakaa mkinibashiri: sipingi meli kuzamishwa. Ninachopinga ni meli kuzamishwa kwa bei rahisi.

Naishi Plymouth, mji wa bandari kusini-magharibi mwa Uingereza, na riziki yangu ni kupeleka wazamiaji baharini. Ukitoka Plymouth kuelekea magharibi, ukaipita rasi ya Rame Head, unaingia ghuba pana ya Whitsand, upande wa Cornwall. Chini ya ghuba hiyo imekaa manowari moja, HMS Scylla. Nimeichagua kwa sababu naijua, na kwa sababu ilizamishwa kwa nia njema, kwa fedha za kutosha, wataalamu wakiwapo, na bado imeua watu. Mfano wa jambo lililofanywa hovyo hautufai sana. Kila mtu atausikiliza, kisha aseme, ah, sisi tutafanya vizuri.

Scylla ilikuwa frigeti ya aina ya Leander, urefu wake mita 113. Ilijengwa katika karakana ya jeshi la wanamaji ya Devonport, hapo hapo Plymouth, ikashushwa majini mwaka 1968, na ndiyo frigeti ya mwisho kujengwa katika karakana hiyo. Mwaka 1973 ilipelekwa Iceland wakati Waingereza na Waiceland wanagombania mipaka ya uvuvi, ikagongana huko na meli ya doria ya Iceland, Ægir. Nawatajia hili kwa ajili ya wavuvi mliomo humu. Chombo kilichotumwa kwa nguvu kugombea samaki leo kinawapa samaki makao bila kuuliza ni wa nani.

Mwaka 1993 ilistaafu. Dada zake, wale Leander wengine, baadhi walikatwa wakauzwa kama vyuma chakavu, baadhi walivutwa hadi kilindini wakawa shabaha ya mazoezi. Scylla ilikaa imefungwa miaka kumi, mpaka National Marine Aquarium, ile nyumba ya maonyesho ya viumbe wa bahari iliyoko Plymouth, ilipoinunua kwa pauni 200,000.

Sasa, watu wengi wakisikia pauni 200,000 huishia hapo kwenye hesabu yao. Wanaona meli imenunuliwa, limebaki shimo la kuizika. Kumbe hiyo bei ilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Fedha kubwa ilikwenda katika kuivua. Meli ilirudishwa Devonport, ikafunguliwa kama mtu anayechinja ng'ombe akitaka kila kiungo kitoke mahali pake: mafuta kwenye matangi, mafuta kwenye mabomba, grisi, kebo, vifaa vya umeme, milango, kila kitu kinachoelea na kila kitu kinachoweza kumnasa mtu. Kisha wakatoboa ubavuni, matundu mapana ya kupitisha mwanga na ya mzamiaji kutokea.

Kwa nini kebo? Mafundi wa meli mnajua. Meli za zamani zilifungwa kebo zenye maganda yaliyochanganywa na kemikali inayoitwa PCB, na kemikali hiyo hiyo ilitiwa kwenye rangi na kwenye mipira ya kuzibia mabomba. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. PCB haiozi. Inaingia kwenye mafuta ya samaki, samaki mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa analiwa na sisi, na kila inapopanda ngazi inazidi kuwa nyingi. Halafu kuna rangi za chini ya meli za kuzuia uchafu wa bahari, zilizotiwa sumu iitwayo TBT, ambazo dunia ilikubaliana kuziondoa kwa mkataba ulioanza kufanya kazi mwaka 2008. Wazee wetu walipaka jahazi deheni, yaani shahamu na chokaa, chombo kikavutwa pwani kila baada ya miezi kadhaa kikapakwa upya. Deheni haikumdhuru mtu. Rangi ya viwandani ilikuwa sumu kwa makusudi, kazi yake ni kuua chochote kinachotaka kushika pale. Sasa wewe unataka vitu vishike pale pale!

Scylla ilizamishwa Jumamosi, tarehe 27 Machi 2004. Vyombo vidogo vilijaa ghubani, watu walijaa juu ya majabali. Baruti ikalipuliwa tumboni, moshi, maji yakaingia, na katika dakika chache meli ikashuka ikiwa wima, ikakaa kwa mkuku wake juu ya mchanga, kina cha mita 24 hadi 26 kwa kutegemea maji yamejaa au yamekupwa. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kuzamisha manowari iwe mwamba bandia. Malta walikuwa wameshatangulia. Meli yao ya mafuta, Um El Faroud, iko chini tangu 1998.

Mahali palichaguliwa kwa akili. Chini ni mchanga, kwa hiyo hakuna mwamba hai uliokandamizwa. Na mita mia kadhaa kutoka hapo kuna mabaki ya meli nyingine, James Eagan Layne, meli ya mizigo ya Kimarekani ya zile zilizoitwa Liberty, iliyopigwa topido na nyambizi ya Kijerumani mwezi Machi 1945, vita vikiwa vinakaribia kwisha Ulaya. Wanafunzi, hili ni lenu: ukiwa na chuma cha miaka 59 na chuma cha siku moja, katika ghuba moja, kina karibu sawa, unaweza kuuliza kama chuma kipya kitafanana na cha zamani, na baada ya muda gani. Na huko nyuma ya pwani kuna miamba ya asili ya kulinganisha navyo vyote viwili. Wataalamu wa Marine Biological Association, taasisi iliyoko Plymouth tangu karne ya kumi na tisa, wakiongozwa na Keith Hiscock, wakaanza kuzamia pale mapema kabisa na wakaendelea kwa miaka.

Kabla sijawaeleza walichokiona, niwashushe kwanza chini, maana najua wengi mnaodhani kuzamia ni kuzamia.

Mwezi wa Machi maji ya Plymouth ni nyuzi 8 au 9. Agosti, yakijitahidi sana, ni 16 au 17. Hapa kwetu maji yakishuka hadi 24 wakati wa kusi, kijana wa kuongoza wazamiaji anatafuta koti. Kule tunavaa suti kavu. Ndani unavaa nguo nzito kama za mtu anayelala kibarazani kule Limuru, juu yake suti isiyopitisha maji, shingoni na kwenye viganja kuna ukosi wa mpira unaokubana. Kuuvaa huo ukosi wa shingoni unaupaka poda, unaingiza kichwa, kwa sekunde mbili tatu huoni wala hupumui, halafu unatokeza upande wa pili umechanika masikio. Suti imejaa hewa, kwa hiyo inaelea, kwa hiyo unajifunga risasi za kukuzamisha, kilo nyingi kuliko mnavyofunga hapa mara mbili au tatu. Ukishuka, bahari inaikamua ile hewa na suti inakufinya mpaka unaminya kitufe cha kifuani kuongeza nyingine. Ukipanda, hewa inatanuka, na usipoitoa inakurusha juu miguu mbele.

Na vifaa vyenyewe vina shida na baridi. Hewa ikitoka kwenye mtungi wenye mgandamizo mkubwa inapoa ghafla. Maji yakiwa baridi, regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, inaweza kuganda barafu ndani ikiwa wazi, hewa ikabubujika bila kukoma mpaka mtungi uishe. Kwa vipimo vya Ulaya, chini ya nyuzi 10 ndiyo huhesabiwa maji baridi na regyuleta lazima iwe imejaribiwa kwa hilo. Kwa hiyo mzamiaji wa kule, kabla hajaona samaki hata mmoja, ameshakuwa na mambo manne ya kufikiria ambayo mzamiaji wa Watamu hayajui.

Maji ni ya kijani. Kuona mita 5 mbele yako ni siku ya kawaida. Ukiona mita 10 unapandisha picha uwaoneshe jamaa. Unashuka kwa kamba ya boya, mkono mmoja kwenye kamba, na kwa muda huoni chochote ila vumbi linaloelea na mapezi ya aliyekutangulia. Halafu kijani cha chini kinakuwa cheusi, kinapata kona, na kona hiyo ni sitaha.

Ukiitafuta rangi ya kijivu ya jeshi, hupati. Kila mahali pamevalishwa. Kuna anemoni, wanyama mfano wa maua, nyeupe na za rangi ya chungwa, zimesimama kwa mamia kwenye kingo za meli ambako mkondo unapita kwa nguvu, kila moja imefungua nyuzi zake kukinga chakula. Kuna matumbawe laini meupe, manene kama vidole, ambayo Waingereza huyaita vidole vya maiti. Samaki wa mistari ya shaba wanakaa kwenye kivuli cha sitaha kwa makundi, hawana haraka ya kwenda popote. Ukipeleka tochi kwenye ukuta wa chumba, kuna tundu la mduara, si kubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini, ambamo kebo ilipita. Mafundi walipoivuta kebo, tundu likabaki. Ndani yake amekaa samaki mdogo mwenye midomo minene na vishungi viwili vyekundu juu ya macho, anachungulia. Ukimwendea harudi ndani. Anatoka nusu, anakutazama kama mwenye nyumba aliyegongewa saa za mlo. Mimi huwaambia wageni wangu, ukishamwona huyo umeona kwa nini kebo zilitolewa, kwa sababu mbili.

Sasa turudi kwa wataalamu. Walichokiona ni kwamba meli haikujaa polepole kwa mstari mmoja ulionyooka, bali ilipinduliwa mara kwa mara. Samaki walianza kuja siku zile zile za mwanzo. Baada ya wiki chache chuma kikaota wale wadudu wa maganda makali wanaoganda chini ya mashua, na minyoo inayojijengea mirija ya chokaa. Kiangazi cha kwanza wakaja makombe na kome. Ungekwenda wakati huo ungeandika kwenye ripoti kwamba Scylla ni shamba la kome, na ungekosea, maana viti vya pweza vilisikia harufu, vikapanda kwa wingi, vikawala. Baadaye wakafurika urchini wa baharini, wale wa miiba, wakakwangua kuta mpaka sehemu nyingine zikabaki tupu, na pakaanza upya. Anemoni na matumbawe laini yalikamata nafasi yao baada ya hapo. Mwaka 2007 yakaonekana matumbawe ya waridi yanayotanuka mfano wa upepeo, ambayo sheria ya Uingereza inayalinda na ambayo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Baada ya miaka mitano, orodha ya viumbe walioonekana ilipita aina 250.

Wenye pendekezo letu wameipata hiyo namba. Nimeiona kwenye karatasi yao. Sentensi ambayo haimo kwenye karatasi yao ni hii: baada ya miaka hiyo mitano Scylla ilikuwa imekaribia kufanana na mabaki mengine ya chuma ya jirani, kama James Eagan Layne, lakini haikuwa imefanana na mwamba wa asili. Baadhi ya viumbe vya kwenye mawe havikuwepo kwenye chuma. Kwa hiyo anayesema tuzamishe meli kufidia mwamba uliovunjwa na baruti za wavuvi haramu anafidia kitu kimoja kwa kitu kingine. Meli inaongeza mahali pagumu pa kushika kwenye uwanja wa mchanga. Hiyo ni faida, na inatosha kuitwa faida bila kuipa jina la kitu kingine.

Na bado kuna swali la samaki, ambalo ndilo mnalolitaka nyinyi. Wale samaki wanaojazana kwenye meli, wamezaliwa pale au wamehama kutoka mahali pengine? Wataalamu wa miamba bandia wamelumbana juu ya hili kwa miongo, na jibu la kweli ni kwamba inategemea samaki gani na bahari gani. Yule wa tundu la kebo, anayetaga pale na kulinda mayai pale, huyo ni faida halisi. Samaki mkubwa wa kupita, anayekuja kwa kuwa kuna kivuli na kuna wadogo wa kula, huyo alikuwepo tayari, ila alikuwa ametawanyika. Sasa amekusanywa. Na wavuvi mnajua kuliko mimi kwamba samaki aliyekusanyika ni samaki rahisi. Mkizamisha meli leo bila kukubaliana nani anavua wapi, watakuja watu na bunduki za mishale na nyavu za usiku, na kile mlichokiita mradi wa kuongeza samaki kitakuwa kimewatafutia wengine samaki wa kumaliza. Makubaliano ya uvuvi huja kabla ya baruti. Hili sitalegeza.

Nitawaomba radhi ndugu zangu wa Cornwall, lakini bahari yao siyo yetu. Kile kijani kinachomnyima mzamiaji kuona ni chakula. Majira ya baridi dhoruba huyakoroga maji, virutubisho vinapanda, mwanga wa masika ukifika vijimea vidogo sana vya majini vinachanua kwa mabilioni, na ndiyo maana kuta za Scylla zimejaa wanyama wanaochuja. Maji yetu ni safi kwa sababu yana lishe kidogo. Matumbawe yetu yameizoea hiyo njaa. Yanaishi na mwani ndani ya mwili wake unaoyalisha kwa mwanga wa jua. Ukileta tani za chuma kinachooza katikati ya watu wenye njaa ya madini ya chuma, hujui nani atanenepa.

Katika Pasifiki wanajua. Kwenye kisiwa cha Palmyra, meli ya kuvulia kwa mishipi mirefu ilikwama mwamba mwaka 1991 ikaachwa. Kiumbe mmoja, jamaa wa matumbawe asiyejenga mawe, akaanza kuenea kutoka pale kwenye chuma, akafunika matumbawe hai eneo kubwa, hadi Wamarekani wakatuma watu mwaka 2013 na 2014 wakaikatakata ile meli na kuiondoa. Haikuwa meli kubwa. Na haikuzamishwa na mtu, ni ajali. Lakini chuma hakijui tofauti ya ajali na mradi. Kwa hiyo neno langu kwa kamati: popote meli itakapowekwa, iwe mchangani, mbali na matumbawe hai, na mbali maana yake ni mbali, siyo ng'ambo ya pili ya mlango.

Yako mengine ya kutisha nitayapita upesi. Florida, miaka ya 1970, walitupa matairi yapatayo milioni mbili baharini karibu na Fort Lauderdale wakiita mwamba bandia. Kamba zikakatika, matairi yakawa yanabiringika na dhoruba juu ya mwamba wa kweli, na askari wa kuzamia wakatumwa kuyaokota. Mwaka 2006, Pensacola, Wamarekani walizamisha manowari ya kubebea ndege, Oriskany, ikiwa bado na PCB ndani, kwa idhini ya mamlaka ya mazingira. Baadaye PCB ikapatikana katika samaki waliovuliwa pale. Hao ni watu wenye maabara kila mtaa.

Sasa niseme juu ya vifo, maana waongoza wazamiaji ndio nilitaka wanisikie zaidi. Mwaka 2007 wazamiaji wawili walifia ndani ya Scylla. Mwaka 2021 wakafa wengine wawili. Meli hii ilitobolewa matundu ya kutokea, ilisafishwa, ramani zake zinauzwa madukani. Lakini miaka inapita, na tope linaingia. Tope la kwenye meli ni laini kuliko unga. Mtu mmoja akipiga pezi vibaya, chumba kizima kinazimika. Tochi inakuonyesha ukuta wa kahawia mbele ya pua yako na basi. Lile tundu uliloingilia liko mita sita nyuma yako na huwezi kulipata. Kwenye maji baridi mtu anapumua haraka zaidi, vidole vimekufa ganzi, hawezi hata kusoma geji. Ndiyo maana leo sisi wa pale tunawaambia wageni wabaki nje. Anayetaka kuingia ndani awe amesomea kuingia, awe na kamba, mitungi miwili, na theluthi ya hewa asiyoigusa.

Nawasikia mkisema, huku kwetu maji ni meupe. Ndiyo, nje. Ndani ya chumba cha injini, tope halina pwani. Ukisikia mtu anauza safari ya meli iliyozama kwa mgeni aliyepata cheti chake wiki iliyopita, na anamwahidi kumwingiza ndani kwa dola ishirini zaidi, huyo mjue.

Na meli nayo inazeeka. James Eagan Layne, ambayo kwa miaka mingi ilisimama na umbo lake la meli, dhoruba zimeibomoa vipande, omo bado inajitambulisha lakini ubavu umelala. Scylla inaelekea huko huko, chuma kinaliwa na chumvi, sehemu zilizokuwa imara zinafunguka. Hakuna ubaya, samaki hawana habari na umbo. Ila kila sahani ya chuma inayoning'inia ni juu ya kichwa cha mtu, na lazima pawe na wa kwenda kuikagua, mwaka wa kwanza na mwaka wa thelathini.

Sisi Mombasa tayari tuna uzoefu wetu. Mwaka 2002 meli ya Dania ilizamishwa kwa makusudi kaskazini mwa kisiwa, kwenye kina kama mita 30, na nyinyi wengine humu mmelisha watoto kwa wageni wa Dania. Kabla ya kumuuliza mtu wa Plymouth, waulizeni waliokuwa wakishuka pale miaka yote hii: nini kilishika na nini hakikushika, boya limekatika mara ngapi na nani alilifunga tena. Andikeni. Kule Scylla kilichoipa thamani kuliko vyote ni kwamba kuna watu waliandika tangu mwanzo, picha kwa picha, ukuta ule ule.

Na sheria ipo. Kenya ni mwanachama wa mkataba wa London wa mwaka 1972 wa kuzuia utupaji baharini, pamoja na itifaki yake ya 1996. Mkataba huo unaruhusu kuweka kitu chini kwa kazi maalumu, mradi kazi hiyo isiwe kisingizio cha kutupa. Mwaka 2009 ukatolewa mwongozo wa miamba bandia, na humo mtakuta karibu yote niliyoyasema: usafi wa chombo, uchunguzi wa mahali, nani anabeba dhamana baadaye.

Kwa hiyo ile karatasi ya pendekezo nimeisoma yote, mara ya pili nikiwa na kalamu. Ina picha nzuri. Ina hesabu ya wageni watakaokuja. Ukurasa wa gharama una mstari wa kuvuta meli na mstari wa baruti. Mstari wa kusafisha una tarakimu moja ya jumla bila maelezo. Boya limetajwa kwa mwaka wa kwanza tu. Kuhusu nani mwenye meli baada ya kuzama, imeandikwa "jamii". Jamii ni nani? Ni huyu mama wa soko? Ikikatika sahani ikamwangukia mgeni, yeye ndiye atakwenda mahakamani?

Niliomba kuona vipimo vya rangi na vya kebo za meli ile. Nimeambiwa viko njiani. Mwakilishi wa mwenye meli nadhani ameketi safu ya tatu. Mwenyekiti, kabla ya maswali kuja kwangu, naomba yeye apewe kipaza sauti kwanza.